Mkopo Usio na Riba, Chombo Kisicho na Moshi

(Maneno ya Kamati ya Mikopo siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Majengo, Moshi)



Tulianza na sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zikashikwa na watu watatu. Wengi walisema sanduku la akina mama halimalizi mwaka. Limemaliza kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na leo kibaba kinaonekana kwa macho.

Lakini kamati haikupewa nafasi hii ili tujisifu. Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo limekuwa likirudi katika kila kikao tangu mwaka jana, yaani kama kikundi kiombe mkopo wa halmashauri usio na riba, kinunue bajaji za kubeba abiria, na kama bajaji hizo ziwe za petroli au za umeme. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu. Leo tunaeleza tu, ili kila mwanachama apige kura yake akijua anachokipigia.

Ndugu wanachama, tuanze na mkopo wenyewe. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Mwezi Aprili 2023 ilisimamishwa, kwa sababu taarifa za ukaguzi zilionyesha kuwa fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa. Ilifunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo tuambizane ukweli: hii siyo sadaka, wala siyo zawadi ya mtu. Ni kodi na ushuru unaotozwa sokoni Mbuyuni, Memorial na Kiboriloni. Asiyerudisha anamnyima mama mwingine.

Je, kukosekana kwa riba kuna maana gani mfukoni? Tuchukue mfano, ni mfano tu. Tuseme chombo kimegharimu Sh. 9,000,000 na deni ni la miezi 24. Bila riba tunarudisha Sh. 375,000 kwa mwezi. Sasa chukua fedha ile ile kwa mtu anayetoza asilimia 3 kila mwezi juu ya mkopo wote. Hapo unalipa Sh. 645,000 kwa mwezi, na mpaka mwisho riba peke yake imekula Sh. 6,480,000. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, deni la kwanza linataka kama Sh. 14,400 kwa siku, na la pili linataka kama Sh. 24,800. Mwenye bajaji hapa Majengo anajua dereva analeta hesabu kiasi gani jioni. Hesabu ya kwanza inawezekana. Ya pili inamfanya dereva akimbize chombo usiku na mchana, na mwisho wake tunaujua. Akina mama waliokwisha kuonja mikopo ya kausha damu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuje kwenye moshi. Mji wetu unaitwa Moshi, lakini jamani, jina hilo halituamuru kuvuta moshi wa magari! Simama jioni kwenye barabara ya kwenda Arusha, au pale stendi, wakati Hiace na Coaster za siku nyingi zinapowashwa. Vumbi lile jeusi la dizeli ni laini kiasi cha kupita mapafuni hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani. Wa kwanza kuivuta ni mama anayeuza ndizi kando ya barabara na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamechukua hatua. London ilianza mwaka 2019 kutoza magari yenye moshi mchafu yanayoingia katikati ya mji, na tarehe 29 Agosti 2023 utaratibu huo ukafika mitaa yote ya jiji, pauni 12.50 kwa siku. Walioumia kwanza ni mafundi na wachuuzi wenye magari ya zamani, maana tajiri alikwisha kununua jipya. Ndiyo sababu serikali nyingine zilipoweka maeneo ya namna hiyo ziliweka na mikopo. Ufaransa mwaka 2023 ilianza kutoa mkopo usio na riba, hadi yuro 30,000, kwa wenye kipato kidogo wanaoishi au kufanya kazi kwenye maeneo hayo, ili wapate gari safi. Scotland nayo ilitoa mikopo isiyo na riba kwa magari ya umeme. Somo tunaloliona ni moja. Ukimkataza maskini chombo chake bila kumpa njia ya kupata kingine, umemkataza riziki.

Na yale magari yaliyokataliwa kule huenda wapi? Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Hewa yao inasafishwa, yetu inapokea.

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Jirani zetu Rwanda, kuanzia Januari 2025, hawasajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria mjini Kigali. Hapa Moshi hakuna amri ya namna hiyo. Lakini kikundi kinachochukua deni la miaka miwili lazima kitazame mbele, kisije kikabaki na chombo ambacho kesho hakina soko.

Ndugu Mgeni Rasmi, yapo maneno ya wanachama wanaopinga, na kamati inayaheshimu. Wanasema bajaji ya petroli kila fundi anaijua, na vipuri vinapatikana hapa hapa mjini. Wanasema betri ikifa ni gharama kubwa. Wanasema umeme ukikatika siku nzima, dereva atakula nini? Haya ni maswali ya haki. Vyombo vya magurudumu matatu vya umeme vinaunganishwa na kuuzwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam si Majengo. Kumpandisha mgonjwa Kibosho au Uru kwa betri ni kazi nyingine kuliko kuzunguka mjini tambarare.

Kwa upande wa pili, chombo cha umeme hakibadilishwi oili ya injini, hakina plagi wala kabureta, na bei ya kukichaji haipandi kila mwezi kama bei ya mafuta tunayoisikia redioni. Na umeme wenyewe si wa ugenini. Maji yanayoshuka kutoka mlima wetu huingia Nyumba ya Mungu, yakaendelea na mto Pangani, yakazungusha mitambo ya Hale na New Pangani. Mlima unatulisha ndizi na kahawa, unatupa na umeme.

Sasa basi, kamati inapendekeza mambo manne.

Kwanza, tuombe mkopo wa vyombo viwili tu, si sita kama ilivyotajwa na baadhi yetu. Kimoja kiwe cha umeme, cha kuzunguka mjini, na kimoja cha petroli, cha kupanda vijijini. Baada ya mwaka daftari litatuambia kipi kimelipa.

Pili, hatununui cha umeme mpaka muuzaji aandike dhamana ya betri na kutaja fundi atakayekuja Moshi. Maneno ya mdomo hatuyataki.

Tatu, kila jioni kabla ya hesabu kugawanywa, itolewe fedha ya akiba ya betri na matengenezo, iwekwe benki kwa jina la kikundi. Bima na leseni ya LATRA vilipwe kabla chombo hakijaingia barabarani.

Nne, madereva wasiwe watoto wetu wa kiume peke yao. Binti au mama mwenye leseni apewe nafasi sawa.

Jambo la mwisho ndilo zito. Mkopo huu ni wa kikundi. Mmoja akishindwa, wote tunadaiwa, na jina letu la miaka kumi linachafuka ofisi ya kata. Kwa hiyo asiyekuwa tayari kubeba deni la mwenzake aseme kabla ya kura, wala hatachekwa na mtu. Atakayenyamaza leo asije akalalamika kesho. Dawa ya deni ni kulipa.

Tunamwomba Mgeni Rasmi atufikishie ombi hili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Nanyi wanachama, ondokeni hapa mkajadiliane nyumbani, sokoni na kwenye ibada zenu, kisha mje kwenye mkutano mkuu na jibu.

Kikundi kidumu.