Kabla ya kulipa, uliza mwenye nyumba yuko wapi

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja, memba wetu wa Uvira, katika mkutano wa mwezi. Komite imeona vema kuyaandika karibu kama alivyoyasema, kwa ajili ya wamemba ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.



Nimeombwa niseme juu ya biashara ya kununua nyumba iliyochakaa, kuitengeneza na kuiuzisha. Najua sababu. Likelemba inakaribia kugawiwa, na wengi wanasema: "Pesa isilale, tununue nyumba." Mimi sikatai. Nimekwisha kufanya nyumba tatu. Lakini nitaanza na ile iliyonipiga chini, juu hiyo ndiyo ilinifundisha.

Munajua tulikimbia mwaka 1996. Familia yetu ilivuka ziwa, tukaishi Lugufu, na tulirudi 2007 kwa meli mpaka Baraka. Tulipofika hapa Uvira tulikuta watu wengine ndani ya nyumba ya baba. Baba alihangaika sana kabla ya kuipata. Basi mimi, binti wa yule baba, mwaka 2012 nikanunua nyumba kwa 1,800 dolari bila kuuliza maswali. Bei ilikuwa chini, muuzishaji alikuwa na haraka, na komisionere alikuwa ananiambia kila saa: "Mama, lipa leo, kesho utakuta mwengine amekwisha kulipa." Nililipa. Sehemu kubwa ya ile pesa ilikuwa ya likelemba ya wamama sita.

Nikaweka 600 ya kutengeneza. Siku napaka rangi, mama mzee wa jirani akaja akasimama mlangoni: "Mwanangu, hii nyumba ulinunua kwa nani? Mwenyewe iko Nyarugusu, hajakufa." Yule aliyeniuzishia alikuwa mlinzi tu. Mwenyewe akarudi na bibi yake, na karatasi zake za zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipoziona nikakumbuka baba yangu. Nikatoa ufunguo. Yule baba alikuwa mtu wa haki, alinirudishia 600 kidogo kidogo. Lakini ile 1,800 ilikwenda na mlinzi, na mpaka leo hakuna anayejua alielekea wapi. Nilipika na kuuzisha ndagala miaka mitatu kwa kulipa wale wamama.

Njo maana shauri langu la kwanza si la bati wala simenti. Ni hili: sisi tuliorudi tusinunue nyumba ya mtu ambaye hajarudi.

Sasa, namna gani utajua? Kwanza, nenda kwa majirani wa pande zote nne, bila komisionere na bila muuzishaji. Uliza nani alijenga, nani aliishi hapa kabla ya vita, na watoto wake wako wapi. Kisha nenda kwa shefu wa avenyu na shefu wa kartie. Kisha angalia karatasi. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki juu yake, na karatasi inayothibitisha haki hiyo ni sertifika ya konservatere. Ikipita miaka 2 tangu itolewe, ni vigumu sana mtu kuipinga. Fishi ya parsele, ao karatasi iliyosainiwa na shefu na mashahidi, si kitu kimoja na sertifika. Nyumba nyingi zetu ziko na hizo tu, na watu wananunua. Sawa, lakini ujue unachonunua, na bei ifuate karatasi. Kama sertifika iko, usiamini kopi. Nenda ofisini waangalie namba na jina ndani ya kitabu chao.

Kama muuzishaji ana ndoa, bwana na bibi wote wawili wasaini. Sheria ya familia inataka hivyo. Kama nyumba ni ya marehemu, watoto wote ndio warithi wa kwanza, wasichana sawa na wavulana. Kijana mmoja akikuambia "mimi ni mkubwa, dada zangu waliolewa, hawana neno", wewe ondoka. Kama mmoja yuko kambini ao Zambia, apigiwe simu mbele ya mashahidi, na atume mtu mwenye karatasi ya kumwakilisha.

Neno lingine dogo ambalo limekwisha kuleta ugomvi. Sisi tuliokaa Tanzania tukisema "nimeuza", maana yake nimetoa nyumba nikapokea pesa. Wandugu waliobaki hapa wakisema "nimeuza", maana yake wamenunua! Ndani ya karatasi andikeni wazi: fulani ametoa nyumba na kupokea dolari ngapi, fulani ametoa pesa na kupokea nyumba. Usilipe yote siku moja. Toa sehemu siku ya kusaini, sehemu nyingine siku nyumba ni tupu na ufunguo uko mkononi mwako.

Tuje kwa nyumba yenyewe. Uvira tuko kati ya mlima na ziwa, na maji yanatoka pande zote mbili. Hakuna aliyesahau mto Mulongwe mwezi wa 4 mwaka 2020. Na ziwa nalo limepanda, limekula nyumba za pwani. Basi nyumba ya bei ya chini karibu na mto ao karibu na ziwa, bei yake iko na sababu. Itembelee wakati mvua inanyesha. Angalia ukutani kama kuna mstari wa maji ya zamani. Ufa mwembamba wa plasta tu si kitu, lakini ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha, unakata matofali na kushuka mpaka fondasio, huo ni ugonjwa wa nyumba. Gonga ukuta kwa kidole: plasta iliyoachana na matofali inalia kama ngoma. Panda juu na fundi wako mwenyewe uchome mbao za paa kwa kisu. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi, mchwa wamekwisha kula. Uliza pia deni la REGIDESO na SNEL kabla ya kusaini.

Wakati wa kutengeneza, anza na maji: mtaro na paa. Halafu fondasio, choo na bafu. Halafu sakafu, milango na madirisha. Rangi iwe ya mwisho. Wengi wanaanza na rangi juu inaonekana. Mvua ya kwanza inaiosha pamoja na faida. Nunua vifaa wewe mwenyewe, hesabu mifuko ya simenti jioni, na umlipe fundi kwa kazi iliyokwisha, si kwa ahadi. Usijenge nyumba inayopita avenyu yake. Mwalimu anayetafuta nyumba ya 6,000 hatalipa 9,000 kwa sababu umeweka karo bafuni.

Sasa hesabu, juu hapa ndipo tunajidanganya. Nyumba yangu ya pili nilinunua 3,200, nikauzisha 6,000. Watu walisema: "Mama amekula 2,800!" Sikilizeni. Mabati 360, simenti 300, choo na bafu 250, mafundi na vibarua 340, milango na madirisha 200, mchanga, mawe na matofali 180, usafiri 70. Hiyo ni 1,700. Karatasi na mashahidi 250. Komisionere wakati wa kuuzisha 300. Toa yote: ilibaki 550, kwa miezi minane, na jasho langu sikulihesabu. Ni pesa nzuri, namshukuru Mungu, lakini si 2,800. Na kama nyumba ingekaa miezi minane mingine bila mnunuzi, ningekula nini? Kwa hiyo: kaye moja kwa kila nyumba, na kwa kila 100 unayopanga ya kutengeneza, weka 20 kando kwa yale ambayo hukuyaona. Usiingize pesa ya masomo ya watoto, wala pesa ya deni linalodai kila mwezi.

Namaliza na ombi kwa komite. Tuchague watu watatu: fundi mmoja, mtu mmoja anayejua kusoma karatasi za kadastri, na mzee mmoja anayejua nani aliishi wapi kabla ya 1996. Memba akitaka kununua nyumba, hao watatu waende naye kabla hajatoa hata dolari moja. Memba awalipie usafiri na chakula cha mchana. Na wafadhili wetu, mkitaka kusaidia, msituletee mabati tu. Tusaidieni wamemba wapate sertifika zao, ili mtu akienda safari asiuzishiwe nyumba nyuma yake.

Yule mama mzee wa jirani alijua kila kitu tangu siku ya kwanza. Nyumba yake iko hatua kumi tu na ile niliyonunua. Sikumuuliza.

Mwenye swali aulize.