Jino katika kilemba cha jogoo

Katika Makumbusho ya Hunterian, hapa jijini London, kimehifadhiwa kichwa cha jogoo ambaye kilemba chake kilipandikizwa jino la binadamu. Kazi hiyo ni ya John Hunter, mpasuaji wa karne ya 18. Enzi zake matajiri walinunua meno ya maskini, yaking'olewa kinywani mwa huyu na kupachikwa kwa yule. Mengi hayakudumu, na wako walioambukizwa maradhi.

Leo kinachopandikizwa ni ufizi na mfupa. Ufizi hukatwa kaakaani mwa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi kaakaa ndilo linalouma zaidi. Ama mfupa, huhitajika kwa kuwa jino likishang'oka taya hunyauka, na jino bandia la skrubu hukosa pa kushika. Daktari hujaza chembechembe za mfupa, kisha husubiri miezi kadhaa.

Lakini mfupa wa nani? Huenda ni wako, wa marehemu aliyejitolea, wa ng'ombe, au hata wa nguruwe. Mwislamu, Mhindu, au yeyote mwenye mwiko wake, ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini. Upo pia uliotengenezwa kiwandani, usiotoka kwa kiumbe chochote.