Nkambo Aliyekuja na Jembe
(Mazungumzo mbele ya wakristu wa Kabongo, katika sikukuu ya jubile ya parokia)



Tumeombwa kusema machache juu ya wale waliotutangulia. Wengine watawataja wamisionari na waalimu wa dini wa kwanza, na ni haki kuwataja. Sisi tumechagua mtu asiyewekewa kiti katika sikukuu: mkulima mgeni, yule nkambo aliyefika katika inchi hii na jembe begani, akaomba fasi ya kulima, akaoa, akazaa, akazikwa hapa. Wengi wetu tuliokusanyika leo ni wajukuu wake, hata kama hatulijui jina lake.

Watu wa Uluba wanajua kukumbuka. Wambudye, walinzi wa habari za ufalme, walikuwa na lukasa, ubao wa mti wenye shanga na michoro; mwenye elimu aliugusa kwa kidole, akasimulia wafalme, njia na mipaka. Walisimulia habari za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na za mwana wake Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo na kuusimamisha ufalme. Tufikiri vizuri, ndugu zetu: masimulizi ya ufalme wetu yanamheshimu mgeni. Lakini Mbidi Kiluwe alikuwa mwindaji na mtu wa ukoo mkubwa, naye alipata wa kumsimulia. Mkulima hakupata ushanga wake juu ya lukasa. Basi tutamtafuta wapi? Tunaona fasi nne.

Fasi ya kwanza ni shamba lenyewe. Wakulima wa kale wa inchi hizi walipanda mtama na ulezi. Mihogo na mahindi ni mimea ya Amerika. Ilivuka bahari kwa merikebu za Wareno tangu karne ya 16, ikafika pwani ya magharibi, kisha ikaingia bara kijiji kwa kijiji. Kijiti cha muhogo hakina miguu. Mtu alikikata, akakifunga, akakibeba, akamwonyesha jirani namna ya kukipanda na namna ya kuloweka muhogo mchungu usimdhuru mlaji. Bukari na sombe tunavyoviita leo chakula chetu ni kazi ya watu wa namna ile, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Fasi ya pili ni njia. Kabla ya wazungu kuitawala inchi hii, njia kubwa zilifika hapa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipofika kwa mfalme Kasongo Kalombo, aliwakuta kule Juma Merikani, mfanyabiashara aliyetoka pwani ya mashariki, na Alvez aliyetoka Bihe, inchi ya Angola. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na iliwang'oa wengi katika vijiji vyao. Kwa njia za namna ile ilikuja pia lugha hii tunayoisema sasa. Kiswahili chenyewe ni mgeni aliyepokelewa.

Baadaye ilikuja njia ya chuma. Gari la moshi lilifika Elisabethville mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 reli ilipita Kamina na kufika Ilebo, kule Kasai. Mwaka 1956 reli ya kutoka Kamina iliungana na Kabalo. Watu walifuata reli: wengine kutafuta mshahara wa migodi, wengine kulima chakula cha kuwauzia wale wa migodi na wa reli. Tena kulikuwa na sheria ya Leta. Tangu mwaka 1917 mkulima alilazimishwa kulima mimea aliyoamriwa, na katika inchi nyingi za savana ilikuwa pamba. Amri ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafika 120. Mkulima hakuweza kuhama bila ruhusa. Basi anayeuliza kwa nini nkambo wake aliacha kwao, aulize kwanza mwaka. Mara nyingi mwaka utamwonyesha sababu.

Fasi ya tatu ni majina. Hapa kwetu mapacha huitwa Kyungu na Kabange. Katika nyumba za watu wa Kasai huitwa Mbuyi na Kabanga. Ukikuta katika ukoo wako Mbuyi wa zamani ambaye hakuna anayejua habari zake, uliza: huenda kuna bibi au babu aliyetoka magharibi. Tusiamue kwa jina peke yake, kwa sababu watu wameoana, na jina hupewa pia kwa urafiki. Lakini jina ni mlango wa kubisha. Na tukumbuke kwamba mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu: la kuzaliwa, la ubatizo, na lile karani alilosikia vibaya akaliandika katika kitabu cha kazi. Tena mwaka 1972, wakati wa Zaire, majina ya kikristu yalikatazwa, na wengi wakachukua majina ya wankambo. Mwenye kutafuta ayafuate yote.

Fasi ya nne ni buku ya ubatizo. Sheria ya Eklezya inaiamuru kila parokia kuandika ubatizo, ndoa na vifo, na kuzilinda buku zile. Humo mnaandikwa jina la mbatizwa, wazazi wake, msimamizi wake, siku na fasi. Na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Mkulima ambaye wambudye hawakumsimulia, padri alimwandika katika mstari uleule kama mtoto wa chifu. Lakini karatasi ina adui wengi: mchwa, maji, moto na vita. Na buku haisemi yote. Inasema alibatizwa, haisemi nani alimpa shamba. Hilo wanalijua wazee tu.

Juu ya nini tunasema haya siku ya furaha? Kwa sababu neno «mgeni» limeua watu katika inchi yetu. Mwaka 1959 na 1960 Baluba wa Kasai walifukuzwa Luluabourg, wakakimbilia Bakwanga. Mwaka 1961, kule Elisabethville, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Na kati yao walikuwamo Baluba wa Katanga, wasio wageni wa Katanga hata kidogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai kwa mamia ya maelfu walifukuzwa katika jimbo letu; walilala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja kwenda inchi ambayo wengi wao hawajaiona. Nao wazee wa Kasai husimulia kwamba wankambo wao walitoka mashariki, upande huu wetu, Nsanga Lubangu. Basi nani ni mgeni wa nani? Anayemfukuza jirani kwa sababu ya nkambo wake, hajamuuliza bado nkambo wake mwenyewe.

Maandiko Matakatifu yanajua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 26, mkulima anayeleta kikapu cha mavuno ya kwanza mbele ya Mungu anaamriwa ataje kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuhamahama, aliyekwenda kukaa ugenini. Na sura ya 25 ya Walawi, ile inayoamuru jubile, inasema kwamba inchi ni ya Mungu, nasi tunakaa ndani yake kama wageni. Kumkumbuka nkambo mgeni, basi, ni kazi ya jubile.

Tunawaomba mambo matatu. Vijana, mwulizeni mzee mmoja nyumbani: nkambo alitoka wapi, kwa sababu gani, na nani alimpokea? Yaandikeni katika kitabu cha shule, pamoja na jina la aliyewaambia. Wazee, msione haya kusema kwamba ukoo ulifika kwa miguu na njaa. Aibu ni ya aliyemfukuza, si ya aliyekuja. Nanyi mnaolinda buku za parokia, mzilinde kama mnavyolinda mbegu.

Na katika kuwataja wankambo, tusimsahau yule wa pili: mwenye inchi aliyemwona mtu na jembe kando ya njia, akamwonyesha fasi ya kulima. Yeye pia ni nkambo wetu.