Majalada ya Zamani: Yafutwe au Yahifadhiwe?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa ofisi)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari hilo lilikuwa jalada la karatasi katika kabati ya masijala. Siku hizi limo ndani ya seva inayohudumia kompyuta zote za ofisi. Seva inapojaa, swali huzuka: majalada ambayo hayakufunguliwa kwa miaka kumi yafutwe, yaachwe, au yahamishiwe hifadhini?

Jibu jepesi ni kufuta. Fundi hutazama tarehe ambayo jalada lilifunguliwa mara ya mwisho, akaona ni ya kale, akahukumu kuwa halina kazi. Hukumu hiyo ina kasoro kubwa. Tarehe hueleza jalada lilitumika lini. Haielezi litahitajiwa lini, wala nani atakayelihitaji.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege walitawanyika, na madai yao ya mafao yakaendelea kwa miongo kadhaa. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuwalipa mwaka 2005, mdai alihitaji uthibitisho wa utumishi wake. Barua ya ajira iliyolala miaka 28 bila kuguswa ikageuka kuwa riziki ya wazee na wajane.

Uingereza nako, mwaka 2010, Wizara ya Mambo ya Ndani iliteketeza kadi za kuwasili za wahamiaji waliotoka visiwa vya Karibi. Mwaka 2018 dunia ikasikia jinsi baadhi ya watu hao walivyonyimwa kazi na matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa kukosa ushahidi wa siku walizoingia. Kadi zilizodhaniwa kuwa takataka zingeweza kuwa sehemu ya ushahidi huo.

Hata hivyo, kuweka kila kitu si kuhifadhi, bali ni kulundika. Nakala kumi za waraka mmoja huuficha waraka wenyewe. Tena, habari za maradhi au mishahara ya watu zikiachwa wazi katika mtandao wa ofisi, siri za wananchi huwa hatarini.

Hapana budi, basi, kazi hii ifanywe kwa utaratibu. Idara iliyofungua jalada ieleze lilihusu nini. Masijala ipime umri wake kwa ratiba ya utunzaji. Fundi awe wa mwisho, wala si wa kwanza. Kinachostahili kuhifadhiwa kinakiliwe mahali pawili, pamoja pakiwa nje ya jengo. Nakala zilinganishwe na asili kabla asili haijaondolewa. Na orodha ibaki masijala, ili atafutaye apate. Kwa ofisi za umma, Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, inayohusu kumbukumbu na nyaraka za taifa, haikuacha uteketezaji wa nyaraka uwe hiari ya ofisi yenyewe.

Nafasi katika seva hununuliwa. Ushahidi ukishapotea haununuliki. Kwa hiyo kabla mtumishi hajabonyeza kitufe cha kufuta, na ajiulize ni mzee gani atakayefika dirishani miaka ishirini ijayo akidai haki yake, na ofisi itamjibu nini.