Subira si Kukataa Dawa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika darasa la vijana baada ya swala ya alasiri. Tumeyaandika karibu vile vile alivyoyasema.)



Mashekhe wetu, wazazi wetu, ndugu na dada zangu. Nilipoambiwa nizungumze leo, wengi walidhani nitazungumzia fadhila za kumi la mwisho. Hilo nawaachia mashekhe. Mimi nataka kuzungumza juu ya pua. Naona mwacheka! Chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu pua hii ilinifunza kitu ambacho nilikisoma chuoni miaka mingi na sikukielewa.

Wengi wenu mwajua kuwa nilipigwa kiwiko cha pua uwanjani nikiwa kidato cha tatu. Ukuta wa kati wa pua, ule unaotenga tundu la kulia na la kushoto, ukapinda. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipumua kwa tundu moja, usiku nakoroma mpaka ndugu zangu wakahama chumba. Daktari akasema dawa yake ni upasuaji wa kuunyoosha ule ukuta. Basi siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita nikapasuliwa. Upasuaji wenyewe sikuusikia, nilikuwa nimelazwa kwa dawa ya usingizi. Kazi ilianza nilipoamka.

Niwaeleze ukweli, maana mtu akijua kinachokuja hapati hofu. Maumivu hayakuwa makali kama nilivyoogopa. Yalikuwa mazito, kama mtu amekukalia usoni: kichwa chauma, macho yamevimba, meno ya juu ya mbele yana ganzi. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, kisha yapungua. Kilichonishinda hasa ni kuziba. Ndani mna pamba, na hata pamba ikitolewa mmebaki vibao laini vya plastiki vya kushikilia ule ukuta, na nyama zimevimba. Wapumua kwa mdomo usiku kucha. Ulimi wakauka kama ngozi ya ngoma. Usiku wa kwanza nilishtuka usingizini nikadhani nazama baharini. Ikiwa yatakupata hayo, kaa kitako, washa taa, pumua polepole kwa mdomo, jiambie kuwa hewa ipo na inaingia. Hofu ikishuka, na maumivu yashuka.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya mimi kusimama mbele yenu.

Daktari alinipa dawa za maumivu na masharti yake. Mimi nikajiona mwanamume. Nikasema moyoni, maumivu yafuta madhambi, basi kwa nini niyakimbie? Mama akiniuliza, "Umemeza dawa, mwanangu?" namjibu, "Tayari, mama," na vidonge viko chini ya mto. Mwezi ukaandama siku ya tano. Daktari alikuwa amenikataza kufunga mpaka anione. Nikafunga. Alinikataza kuinama. Nikaenda tarawehe. Usiku wa tatu, niko katika sijida, nikasikia kitu cha moto chatiririka. Nilipoinua kichwa, zulia la msikiti lina damu. Jirani yangu akakata swala akanishika.

Nikarudishwa hospitali usiku ule, mama analia njia nzima. Ikabidi nitiwe pamba upya, na safari hii macho yangu yako wazi. Wallahi, uchungu wa dakika zile umezidi wa siku zote zilizotangulia. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu swali moja: "Nani amekwambia dini yako yataka hivi?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, mimi nimesoma chuoni tangu utotoni. Nilirudi nyumbani nikaanza kuyakumbuka niliyoyasoma.

Nikamkumbuka Arfaja bin As'ad. Huyu ni sahaba aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, siku za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha. Ile fedha ikamharibikia, ikatoa harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze pua ya dhahabu. Ya dhahabu! Na sote twajua kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hakumwambia, subiri na harufu yako upate thawabu. Adha ya pua ya mtu mmoja ilitosha kumfungulia mlango uliofungwa kwa wanaume wote. Hadithi hii nilikuwa naijua. Sikujua kuwa inanihusu.

Nikamkumbuka na Imran bin Husain (r.a.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri akamuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya swala yake. Akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Sasa mimi nilikuwa namwonyesha nani ushujaa wangu?

Subira ni kutolalamika na kutokata tamaa. Kukataa dawa iliyo mbele yako ni jambo jingine kabisa. Basi mara ya pili nilifuata kila neno, na haya ndiyo yaliyonisaidia. Chukueni, maana hapa wako watakaopasuliwa pua, ikiwa ni kwa ukuta uliopinda, au vinyama vya puani, au ugonjwa wa sainasi.

Kwanza, dawa ya maumivu humezwa kwa saa, usingoje maumivu yapande. Yakishapanda ni kazi kuyashusha. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi vinane kwa siku nzima. Angalieni, dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hivyo msichanganye. Asprini usiiguse, yafanya damu isigande. Dawa nyingine yoyote muulize daktari wako. Na hapa piga hesabu: saumu yetu hapa Kenya ni kama saa 13 na nusu, dawa yafanya kazi saa 4 mpaka 6. Ukifunga siku zile za mwanzo, nusu ya mchana uko peke yako na maumivu, tena mwili umekauka na damu imeganda puani kama magamba. Mimi nilikula siku 10, nikazilipa zote kabla ya Rajabu. Hakuna kilichopotea.

Pili, lala chali, kichwa juu ya mito miwili au mitatu. Uvimbe na kuziba hupungua. Kitambaa chenye barafu weka kwenye mashavu na chini ya macho, usikandamize pua.

Tatu, usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu, mara nyingi ni baada ya wiki moja au mbili. Chafya ikija usiizuie, iachie kwa mdomo wazi. Usiinue mizigo, usicheze mpira, usiiname. Swala utaswali kwenye kiti, rukuu na sijida kwa kuashiria, na ishara ya sijida iwe chini kidogo kuliko ya rukuu. Katika udhu usipandishe maji puani. Sisi tuliosoma Safina twajua faradhi za udhu ni sita, na hilo halimo, ni sunna.

Nne, pua ioshwe kwa maji ya chumvi vile ulivyoelekezwa hospitali. Yako ya tayari kwenye duka la dawa. Ukitengeneza nyumbani, maji lazima yachemshwe dakika kadhaa kisha yapoe, usitumie ya bomba vile vile. Maji haya hulainisha magamba, na kuziba kwapungua. Ukishaanza kufunga, yafanye usiku baada ya kufuturu, na matone ya dawa ya mchana muulize shekhe.

Tano, kinywa. Kunywa maji kidogo kidogo, weka chupa kando ya kitanda. Midomo paka mafuta ya mgando. Kula vitu laini vilivyopoa: uji, ndizi, papai. Papai tena lina faida ya pili, lalainisha choo, kwani kujikamua chooni kwaweza kutonesha pua. Chakula hakitakuwa na ladha wiki za mwanzo kwa sababu hunusi. Pilau yaletwa, wala hujui ni pilau! Usihuzunike, kwa walio wengi harufu hurudi uvimbe unaposhuka.

Sasa wazazi wetu na ndugu wa nyumbani. Mgonjwa wa pua msimfukizie udi wala ubani, na jiko la makaa na bhajia zikaangiwe mbali naye. Moshi ni adui yake. Nyanya yangu, Mungu amuweke, alikuja na kichupa cha mafuta ya habasoda anitie puani. Nilimbusu mkono nikamwambia, "Nyanya, nitayapaka kifuani." Kitu chochote kisiingie puani bila ya daktari kujua. Na mkimuuliza kama amemeza dawa, angalieni na chini ya mto.

Tena muwe macho. Kuvuja damu kidogo kidogo iliyochanganyika na kamasi siku za mwanzo ni kawaida. Ikimwagika, akae kitako, ainamishe kichwa mbele kidogo, damu aiteme asiimeze. Isipokoma kwa muda wa robo saa, au ikiwa ni nyingi, mkimbizeni hospitali. Vile vile akipata homa kali, shingo ikakakamaa, macho yakaona vibaya, pua ikachuruzika maji meupe kama ya kisima yasiyokatika, au maumivu na kuziba kukazidi badala ya kupungua. Haya hayangoji asubuhi.

Ndugu zangu, nafunga. Miaka elfu moja iliyopita huko Andalusia, Abul Qasim Al-Zahrawi aliandika kitabu cha tiba cha sehemu 30, akaeleza ndani yake namna ya kuondoa vinyama vya puani. Alikuwa Mwislamu akishughulika na pua za watu, kuwapunguzia dhiki. Sisi wajukuu tusiwe watu wa kuona fahari kwa dhiki ambayo Mola ametufungulia mlango wake.

Lile zulia lilioshwa, doa halikutoka lote. Liko safu ya tatu, karibu na nguzo. Kila nikipita hapo natizama chini, kisha nashukuru kwa matundu yote mawili.

Wanaougua Mwenyezi Mungu awape shifaa, na wanaowauguza awape nguvu.

Wassalaam alaykum warahmatullah.