Ng'ombe Yumo Zizini, Ale Nini?

Msikilizaji, sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Oktoba 2021, inapiga marufuku mifugo kuzurura ovyo Burundi. Ng'ombe na mbuzi wakae zizini, chakula kiwafuate huko. Nia ni njema, maana samadi inakusanyika na vilima vinapumzika. Lakini mwenye kipande kisichofika nusu hekta apande chakula cha watoto, au majani ya ng'ombe?

Apande vyote shamba lilelile. Kule Mbita, Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, walipanda desmodiamu, zao la jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mabua, mizizi yake huzuia gugu la kiduha, na udongo hupata naitrojeni. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga laini kabla ya kusiwa. Mahindi yakishavunwa, mabua yaliyokatwakatwa pamoja na desmodiamu mbichi humpa ng'ombe protini ambayo mabua matupu hayawezi kumpa.

Huku kwenye tambarare ya Imbo, magharibi mwa Burundi, penye mvua haba, badala ya mahindi na desmodiamu ningechagua mtama na fiwi. Ila tahadhari: mtama mchanga una sumu inayoweza kuua ng'ombe, usikatwe mapema.

Serikali imeshawafungia wananchi mifugo. Sasa iwafikishie mbegu za malisho katika kila tarafa, kabla ya mvua za Septemba.