Mtungi wa Gesi Nyumbani: Namna ya Kuuweka na Kuutunza



Maongezi ya leo ni juu ya chombo ambacho siku hizi huonekana hata katika vijiji vya mbali, kimefungwa nyuma ya pikipiki au kimesimama mlangoni pa duka: mtungi wa gesi. Kwa miaka mingi jiko la gesi lilikuwa mali ya watu wachache wa mjini. Sasa serikali zenyewe zalihimiza. Mwezi wa Mei, mwaka 2024, wakuu wa nchi mbalimbali walikutana Paris, katika Ufaransa, kufanya shauri juu ya mapishi safi katika Afrika, na Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano ule. Tanzania imejiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Sababu zajulikana: misitu yakwisha kwa kuni na makaa, na moshi wa jikoni huharibu mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Hayo siyapingi hata kidogo. Lakini chombo kigeni huja na tabia zake, na mtu aliyekulia penye mafiga hawezi kuzijua tabia za mtungi kwa kuutazama tu.

Yafaa kwanza tujue ndani mna nini. Ukiutikisa mtungi utasikia kitu cha majimaji kikicheza. Ndiyo gesi yenyewe, iliyoshindiliwa kwa nguvu hata ikageuka kuwa majimaji. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hupatikana katika visima vya gesi na mafuta na katika viwanda vya kusafishia mafuta. Mdomo wa mtungi ufunguliwapo, majimaji yale huchemka yenyewe pasipo moto, yakarudi kuwa gesi. Na kipimo kimoja cha majimaji hutoa vipimo 250 hivi vya gesi. Wanafunzi na wafanye hesabu: kikombe kimoja cha chai hutoa gesi ya kujaza madebe 3. Tena gesi hii haihitaji kujaa chumbani ndipo iwake. Ikiwa sehemu 2 tu katika sehemu 100 za hewa ya chumba ni gesi, cheche moja yatosha. Basi madebe 3 hayo yakichanganyika na madebe 147 ya hewa, yamekuwa baruti.

Tabia ya pili ni uzito, na hii ndiyo inayowadanganya watu. Moshi tuujuao hupanda juu, ukatafuta tundu darini. Gesi ya mtungi ni nzito kupita hewa; propani huzidi hewa kwa nusu ya uzito wake, na butani ni karibu mara mbili. Kwa hiyo hushuka. Hutambaa sakafuni kama maji, ikaingia uvunguni mwa kitanda, ikajaa shimoni na katika mfereji wa maji machafu, na hapo hukaa ikingoja. Mtu aliyesimama aweza asiisikie vizuri, na mtoto anayetambaa yumo ndani yake. (Gesi ya Songo Songo, ambayo imepelekwa kwa mabomba hata katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, ni nyingine, hiyo ni nyepesi, nayo hupanda. Msizichanganye.)

Tabia ya tatu ni harufu, nayo si yake. Gesi kwa asili yake haina harufu ya kutambulikana. Ule uvundo wa kitu kilichooza hutiwa kusudi kiwandani, na sababu yake ni msiba. Tarehe 18 Machi, 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi ya kupashia shule joto ilivuja ikajikusanya chini ya sakafu. Hapana aliyeisikia, maana haikuwa na harufu. Alasiri, chombo kimoja cha umeme katika karakana ya shule kilipowashwa, kikatoa cheche, na jengo likapasuka. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya siku ile Texas ikatoa sheria kwamba gesi itiwe harufu mbaya, na desturi hiyo ikaenea duniani. Basi uusikiapo uvundo ule jikoni mwako usiseme, “Gesi ndivyo inavyonuka.” Mtungi mzima uliofungwa vema haunuki kamwe.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuuweka. Mtungi hukaa wima, penye sakafu iliyo sawa, mahali penye hewa, mbali na jua kali na moto mwingine. Usiuweke chumba cha kulala, wala ndani ya kabati iliyofungwa, wala karibu na tundu la maji machafu, kwa sababu niliyoitaja. Wako watu wawekao jiko la gesi na jiko la mkaa bega kwa bega katika kijichumba kimoja, wapike wali huku na maharagwe kule. Hilo ni kosa kubwa. Iliyo bora, kama nyumba ni yako na fundi yupo, ni kuweka mtungi nje, kivulini, umefungiwa katika kizimba chenye matundu chini, na gesi ikaingia ndani kwa bomba la chuma lililopitishwa ukutani. Gharama huzidi kidogo, lakini kitu kizito kikivuja nje upepo hukichukua.

Aliye na mtungi mdogo wa kilo 6, ambao jiko lake hukazwa papo hapo juu ya mdomo wa mtungi, hana mpira wa kuogopa, ila ana hatari nyingine: chombo kizima ni kirefu na chembamba, na sufuria nzito ya makande juu yake hukiangusha kwa urahisi. Sufuria kubwa si za jiko lile.

Wenye mtungi mkubwa na jiko la mezani wana vitu viwili vya kuchagua kwa uangalifu. Cha kwanza ni regulata, yaani kile kichwa kinachofungwa mdomoni pa mtungi kupunguza nguvu ya gesi. Siku ya joto nguvu iliyo ndani ya mtungi yaweza kupita ile ya tairi la gari mara mbili. Jiko la nyumbani lataka kidogo sana tu. Regulata ya mtungi wa namna moja haikai vema juu ya mtungi wa namna nyingine, wala ile ya nguvu kubwa itumikayo hotelini si ya nyumbani. Ikikataa kuingia usiilazimishe kwa nyundo. Cha pili ni mpira. Ununue uliotengenezwa kwa gesi, wenye maandishi na mwaka ubavuni, si mpira wa kumwagilia bustani. Gesi hii huula mpira wa maji taratibu, ukalainika na kupasuka. Urefu wa mita 1 na nusu hutosha. Usipite nyuma ya jiko penye joto, usipindwe, usikanyagwe na mguu wa meza. Kila ncha ikazwe kwa kibano cha chuma na bisibisi. Waya wa kufungia uzio haufai, maana hukata mpira.

Kabla ya kufunga regulata, tazama mdomoni kama kile kipete cha mpira kipo na hakikuchanika. Ni kitu kidogo kama pete ya mtoto, lakini kikikosekana kazi yote ni bure. Kisha funga, na jiko likiwa limezimwa, fungua mtungi.

Sasa usiwashe bado. Chukua maji kidogo katika bakuli, utie sabuni, uyapige hata yatoe povu. Lipake povu mdomoni pa mtungi, penye regulata, katika ncha zote mbili za mpira, na mpira wenyewe mwanzo hata mwisho. Tazama kwa utulivu. Mapovu yakianza kuvimba na kukua mahali, hapo panavuja: funga mtungi, kaza tena, pima tena. Kipimo hiki hakigharimu senti, wala sijaona kingine kilicho bora kwa mtu wa kijijini. Kifanywe kila mtungi unapobadilishwa. Anayetafuta mvujo kwa kiberiti ataupata, lakini hataweza kuwasimulia wenzake.

Katika kuwasha, moto hutangulia na gesi hufuata. Washa kiberiti, kisogeze, ndipo ufungue. Umaliziapo kupika, funga kwanza penye mtungi, moto ufe wenyewe, kisha funga jiko. Hivyo hapana gesi inayolala ndani ya mpira usiku kucha.

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu na hutulia. Ukiwa wa manjano, wenye kuchezacheza, na chini ya sufuria pakashika masizi, jiko halipati hewa ya kutosha au limeziba. Lizimwe, lipoe, kisha ondoeni vifuniko vya tundu za moto mvioshe kwa sabuni na mswaki mkuukuu, mkavianike hata vikauke kabisa. Uji uliofurika ndio adui wa kila siku. Lakini kile kitundu kidogo mno kinachotoa gesi kutoka kwenye bomba msikichokonoe kwa sindano; kikipanuka hata kwa unywele, jiko halitakuwa na moto mzuri tena. Hiyo ni kazi ya fundi.

Moto wa manjano una ubaya uzidio masizi. Hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa hutoa sumu hiyo kwa wingi zaidi, na katika nchi za baridi za milimani kila msimu wa kipupwe husikika habari za jamaa waliolala na jiko ndani wasiamke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa pamoja ndani ya nyumba moja, wasitafute mchawi wala malaria kwanza. Watoke nje wapate hewa, kisha waende hospitali. Apikaye kwa gesi afungue dirisha, na asitumie jiko kuotea moto chumbani.

Mpira na utazamwe kila mwezi: upinde kidogo kwa vidole, na ukiona nyufa au umekuwa mgumu, badilisha siku hiyo hiyo. Hata usipoonyesha ubovu, usiuache upite miaka 5.

Kuna desturi moja nataka kuikemea. Gesi ikikaribia kwisha, wapishi wengine huulaza mtungi ubavu, au huupindua, au huutia katika karai la maji ya moto, ili kupata mabaki. Mtungi ukilala, kinachotoka si gesi bali yale majimaji, nayo yakifika jikoni huchemka ghafula, na ulimi wa moto huruka hata darini. Kwa sababu hiyo hiyo mtungi usisafirishwe umelala juu ya pikipiki.

Tuseme basi umeamka alfajiri na uvundo umejaa jikoni. Usiwashe taa, wala usiizime kama inawaka, maana swichi hutoa cheche kwa njia zote mbili. Usipige simu humo ndani, wala usiingie na koroboi. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto, kisha ngoja nje, upande utokako upepo. Ukiwa hauwezi kuufunga, nao haujashika moto, uchukueni wima mpaka uwanjani, mbali na mashimo na meko ya jirani.

Ikiwa moto umekwisha kushika mdomoni pa mtungi, lowesha kitambaa kinene, ujifunike mkono, ufunge. Kama hapafikiki, usijaribu kuuzima moto wenyewe: gesi inayowaka twaiona ilipo, bali ikizimwa huku ikitoka, huenea pasipo kuonekana, ikarudi kuwaka penye watu. Kimbieni, waiteni majirani watoke, na mpige simu zimamoto. Katika Tanzania namba ni 114.

Neno la mwisho ni la ununuzi. Kuna watu wajazao mitungi uchochoroni, wakihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, na bei yao hupendeza. Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Embakasi, Nairobi, penye kituo kilichokuwa kimenyimwa ruhusa mwaka uliotangulia, hasa kwa kuwa palikuwa na makazi mengi karibu. Watu zaidi ya 200 waliumia, na wengine walikufa. Nunueni kwa wakala ajulikanaye. Tazameni kama mdomo wa mtungi una lakiri, na kama chuma hakina kutu wala hakikubonyea. Kisha utieni mizanini: uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa shingoni mwake. Kama chapa ni kilo 7 na mtungi ni wa gesi ya kilo 6, mizani haina budi kusoma 13. Ikipungua, urudisheni pale pale dukani kabla lakiri haijavunjwa.